Sekretari Mwenye Digrii

Meneja wa Kizungu alinitazama, kisha akatazama mlango nyuma yangu, kana kwamba mwenyewe aliyeandika barua ya kuomba kazi alikuwa bado nje anafuta matope viatuni. Nilisimama na bahasha yangu mkononi. Ilikuwa asubuhi ya kwanza ya likizo ndefu, na nilikuwa nimefika kabla ya ofisi kufunguliwa, nikasubiri barazani pamoja na wakulima waliokuja kununua mbegu za mahindi.

"Yuko wapi yule mwanafunzi wa chuo kikuu?" aliniuliza kwa Kiingereza.

"Ni mimi, bwana."

Akaichukua barua yangu mezani, akaisoma upya. Nilikuwa nimeandika herufi za mwanzo za majina yangu, halafu jina la baba, kama mhadhiri wetu alivyotufundisha kuandika barua za biashara. Barua kama hiyo haisemi aliyeiandika anavaa suruali au sketi. Mzungu yule hakuwa mtu mbaya. Alikuna kidevu, akasema alitarajia kijana wa kiume, wa kupanda lori aende mashambani, lakini maadamu nimeshafika, nitatafutiwa la kufanya. Akamwita karani mkuu.

Karani mkuu alikuwa mwanamume wa makamo, amefunga tai shingoni na amenyoa vizuri. Hakunisalimu.

"Unajua kupiga taipu?"

"Kidogo."

"Utajua zaidi," akasema, akanionyesha meza iliyokuwa nyuma ya mlango, mahali ambapo mlango ukifunguliwa ulinigonga bega.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru, hapa Kakamega. Kampuni ile iliuza vitu vya mkulima: mbegu, mbolea, majembe, mabati, na dawa ya kuogeshea ng'ombe, ambayo harufu yake iliingia kwenye nywele ikakaa humo mpaka Jumapili. Mimi nilikuwa nasoma shahada ya biashara Nairobi. Baba yangu alikuwa fundi cherehani sokoni, akishona sare za shule, na kwa miaka mingi mashati meupe ya watoto wa watu ndiyo yaliyonisomesha. Darasani kwetu tulianza wasichana wawili. Mwenzangu alihamia ualimu mwaka wa pili, nikabaki peke yangu katikati ya wavulana.

Wahadhiri walituambia tuna bahati kuliko kizazi chochote kilichotutangulia. Wazungu wanafunga mizigo, walisema. Viti vinaachwa wazi kila siku, na nyinyi ndio mtakaovikalia kabla havijapoa. Tulifundishwa kutayarisha hesabu za mwaka, kugawanya gharama, kuongoza wafanyakazi. Tulifundishwa pia jinsi ya kuingia ofisini, kumpa mtu mkono na kuketi bila kuegemea. Kipindi kizima kilitumika kufundisha kufunga tai. Mhadhiri alipita meza kwa meza akirekebisha mafundo shingoni mwa wavulana, na aliponifikia akanipita, akaenda kwa aliyekuwa nyuma yangu. Hakuna aliyecheka. Hata mimi sikuona ajabu siku ile. Nilikaa nikitazama jinsi fundo linavyofungwa, nikalijua vizuri kuliko wengi wao.

Likizo ile ya kwanza nilipiga taipu. Nilipiga barua za meneja, nikapiga za karani mkuu, na zilipokwisha nikapewa za zamani nizipige tena zikae vizuri kwenye faili. Karani mkuu alikuwa amefanya kazi pale tangu tawi lilipofunguliwa. Mameneja walikuja na kuondoka, na kila mmoja ndiye aliyempokea, akamwonyesha funguo, nyumba na barabara. Mji mzima ulijua kwamba Mzungu wa mwisho akiondoka, kiti kile ni chake. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kutembea kama mwenye kiti. Aliwafokea wapakiaji, akawakaripia wakulima waliochelewa kupanga mstari, na Jumamosi, hata ofisi ilipofungwa adhuhuri, alipita sokoni na tai yake kabla ya kwenda nyumbani. Mimi aliniona kama mwiba ulioingia kwenye kiatu chake. Nilimsikia siku moja akimwambia dereva, "Sasa wanatuletea wasichana wa vitabu watufundishe kazi."

Mambo yalibadilika likizo iliyofuata. Bwana aliyekuwa akizunguka mashambani alishikwa na malaria, na lori lilikuwa limekwisha kupakiwa kwenda Lugari. Meneja alitoka akasimama uani, akaangalia huku na huku, akaniona.

"Unaweza kueleza habari za mbegu?"

"Naweza."

Nikapanda mbele, kando ya dereva. Lugari wakati huo ilikuwa imejaa watu waliopewa vipande vya mashamba ya Wazungu. Tulikuta wamekusanyika mbele ya nyumba kubwa ya walowezi wa zamani, ambayo sasa ilikaliwa na familia kadhaa, na mahindi yalikuwa yameanikwa sebuleni. Walimsalimu dereva kwa mikono miwili, wakaanza kumuuliza maswali. Dereva akaniashiria kwa kidevu. "Muulizeni huyu. Mimi naendeshanga gari tu."

Wakanigeukia. Nikaanza kusema, sauti ikitetemeka, halafu ikaacha kutetemeka. Niliwaeleza nafasi kati ya mashimo, mbolea iwekwe wapi isiunguze mbegu, na kwa nini mahindi haya mapya hayafai kuwekwa akiba ya kupanda mwaka unaofuata. Hilo la mwisho liliwaudhi. Mama mmoja, mtu mzima, alinibana.

"Unasema nisipande mbegu ya shamba yangu mwenyewe?"

"Ukiipanda itaota, mama. Lakini haitazaa kama ya kwanza. Mwaka wa pili utapungukiwa, na utadhani ni ardhi imekukataa."

Akanitazama sana. "Huyu msichana anasemanga kama mtu ako na shamba," akawaambia wenzake, na watu wakacheka, wakasogea karibu. Waliniuliza maswali mpaka jua likageuka. Wakati wa kuondoka yule mama alinipa kuku, ingokho ya kienyeji yenye miguu iliyofungwa kwa majani ya mgomba, nikarudi nayo Kakamega ikiwa imelala juu ya viatu vyangu. Njia nzima nilikuwa nikitabasamu peke yangu kama mwendawazimu. Nimefikiri mara nyingi kwamba, kama kuna siku iliyoniharibu, ni ile. Kabla yake nilikuwa nasoma ili nifaulu mtihani. Baada yake nilikuwa nataka kitu, na anayetaka kitu ndiye anayeweza kunyimwa.

Nilipomaliza chuo nilirudi pale pale, kama mtu wa muda, kwa sababu meneja alisema anaondoka mwisho wa mwaka na kampuni itatangaza nafasi yake. Alisema pia, huku akipanga kalamu zake, kwamba angefurahi nikiandika maombi. Siku hiyo hiyo alimwita karani mkuu chumbani, akafunga mlango. Hawakukaa sana.

Alasiri mvua ilinyesha, mvua yetu ya kila siku, yenye radi na mawe. Wateja walitawanyika. Nilikwenda stoo kutafuta karatasi za kaboni, nikamkuta karani mkuu ameketi juu ya magunia ya mbolea, suruali yake nzuri yote imeingia vumbi jeupe.

"Wamesema digrii," akaniambia. Ilibidi apaze sauti kwa sababu ya mabati. "Miaka hii yote nilidhani wanatafuta Mwafrika. Kumbe wanatafuta digrii."

Niliendelea kutafuta karatasi za kaboni. Digrii yenyewe ilikuwa kwangu.

"Umeandika?" akauliza.

"Nimeandika, mzee."

"Watakuita Kisumu. Huwa ni watu watatu mezani. Nimewahi kuwapelekea karatasi mle ndani, nimesikia wanavyouliza. Wa kwanza atakuuliza kitu rahisi ili ujisahau. Wa pili atauliza kitu ambacho hakipo, aone kama utasema uongo."

"Kwa nini unaniambia, mzee?"

Alipangusa goti, vumbi likazidi kuenea. "Wakileta mtu nisiyemjua, nitaanza upya kumwonyesha choo kiko wapi. Mimi nimechoka kuonyesha watu choo. Wewe unakijua."

Toka siku hiyo, kila mvua iliponyesha tukawa tunafanya mazoezi ya mahojiano stoo. Yeye alikaa juu ya magunia, mimi nikatoka nje, nikabisha, nikaingia. Alinirudisha. Eti nimebisha kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Niliingia tena. Eti sasa nimeingia kama polisi. Wapakiaji, wasio na la kufanya mvua ikinyesha, waliketi kando wakitazama, na mara nyingine mmoja wao alisema, "Hiyo ilikuwa nzuri," na karani mkuu akamfukuza.

"Kwa nini unataka kazi hii?"

Nikajibu.

"Sikusikii!"

"Ni mvua, mzee!"

"Hata hao wana mvua yao! Sema!"

Nikawa napiga kelele, nikieleza mipango yangu ya tawi: kwamba tupeleke stoo ndogo Lugari, watu wasisafiri mbali, kwamba mafunzo ya mbegu yatolewe kabla ya msimu, si baada ya watu kupata hasara. Mara moja, nilipomaliza, alipangusa tena goti lake. Halafu akasema, "Hayo mimi sijawahi kuyafikiria," na sauti yake haikuwa na wivu wala sifa. Ilikuwa sauti ya mtu aliyefunga hesabu.

Barua ya kuniita Kisumu ilipofika, Baba aliacha sare za shule akanishonea suti. Hakuwa amewahi kushona suti ya mwanamke. Alikata kitambaa cha kijivu, cha suti za wanaume, akakifumua, akakikata tena. Shangazi yangu, senge wetu, alikuja siku moja akalikuta koti limetundikwa.

"Mabega haya ni ya nani?"

"Ya meneja," Baba akamjibu bila kuinua macho.

"Na mwanamume atakayeoa mabega haya, umeshamwona?"

Mama, aliyekuwa akisonga obusuma, ugali wetu, aligonga mwiko ukingoni mwa sufuria kwa nguvu zaidi kidogo, na mazungumzo yakahamia kwenye mambo mengine.

Kisumu kulikuwa na joto, na kitambaa kile kilikuwa kizito. Mle ndani mlikuwa na watu watatu, kama nilivyoambiwa: Wazungu wawili, na Mwafrika mmoja, mkurugenzi mpya, wa kwanza wa rangi yetu kufika ngazi ile. Nilipomwona moyo wangu ulitulia. Nilijiambia, hapa kuna mtu wangu.

Mzungu wa kwanza aliniuliza kitu rahisi. Wa pili aliniuliza kitu ambacho hakipo, nikasema sikijui, akaandika. Waliniuliza bidhaa zikikaa stoo mwaka mzima nifanye nini, wapakiaji wakigoma nifanye nini. Nilijibu kwa sauti ya juu mno mwanzoni, kwa mazoea ya mvua, kisha nikaishusha. Niliwaeleza habari za Lugari. Mmoja alitikisa kichwa kwa kukubali. Mkurugenzi wetu alikuwa bado hajasema neno. Alikuwa ameegemea kiti, akitabasamu, akinisubiri nimalize.

"Sasa, mama," akasema, "ukishakuwa meneja, wateja waje wakukute na tumbo kubwa, sisi tutawaambia nini?"

Walicheka. Wazungu nao walicheka kidogo, kwa adabu, kama watu wanaomfuata mwenye nyumba. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali chini ya mbingu isipokuwa hilo.

"Mtawaambia bei ya mbegu, bwana," nikasema.

Tabasamu la mkurugenzi likaisha. Mzungu mmoja aliinamia karatasi zake, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Nilitoka mle nikidhani nimeshinda.

Karani mkuu alikuwa akinisubiri barazani siku iliyofuata, amekuja mapema. Nilimsimulia yote, swali kwa swali. Alikuwa akifurahia, akirudia majibu yangu chini chini. Nilipofika kwenye lile la mwisho, nilidhani atapiga makofi.

"Ulimjibu hivyo mbele ya Wazungu?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi," akasema, akaingia ndani.

Sijui kama ni jibu lile. Sijui kama ningenyamaza, au ningecheka nao, ningepata. Huenda jambo lilikuwa limekwisha kuamuliwa kabla sijapanda basi. Hakuna aliyeniambia, na kwa miaka mingi nilikuwa nikilijibu swali lile upya nikiosha vyombo, jibu la upole, jibu la ukali, jibu la kuchekesha, na katika yote bado nilikosa kazi.

Meneja aliniita wiki chache baadaye. Alikuwa anatazama dirisha.

"Wamempata mtu," akasema. "Mimi niliandika vizuri juu yako. Nataka ujue hilo."

"Asante, bwana."

Sikulia mbele yake. Nilikwenda nyuma ya stoo, mahali maji ya paa yalipomwagikia, na hata huko sikulia. Nilinawa uso kwa maji yale, nikarudi kwenye taipu.

Mtu aliyepatikana alishuka mjini siku chache kabla ya Mzungu kuondoka. Nilikuwa mezani kwangu nyuma ya mlango. Mlango ukafunguka ukanigonga bega, na aliyeingia akageuka kuomba radhi. Tulitazamana. Alikuwa mwenzangu wa darasa. Alikuwa akiketi mistari miwili nyuma yangu, kijana mcheshi, mwenye roho nzuri, ambaye hesabu za gharama zilimsumbua mpaka nikawa namweleza nje ya maktaba kabla ya mitihani.

"Wewe! Unafanya nini huku?"

"Huku ni kwetu. Nafanya kazi hapa."

Akaelewa polepole. Niliona jambo likimwingia usoni. Alikuwa ameajiriwa Nairobi kama mwanafunzi wa umeneja, akaambiwa tu kuna kituo Kakamega. Hakuitwa Kisumu wala hakuwahi kuwaona wale watu watatu.

"Haki ya Mungu, sikujua," akasema.

Nilimwamini, na mpaka leo namwamini. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mtu mwovu.

Alinisihi nisiondoke. Angeandika makao makuu nipewe usekretari wa kudumu. "Bila wewe nitazama, dada," alisema. Niliandika barua kwa makampuni mengine, Kisumu, Eldoret, Nairobi. Wengi walijibu kwamba nafasi zimejaa. Wengine walinipa nafasi ya kupokea simu. Nyumbani kulikuwa na wadogo zangu shuleni, na macho ya Baba yaliyoanza kufifia kwa sindano. Nikakubali.

Kazi niliifanya. Kazi yote ya meneja isipokuwa kutia sahihi. Taarifa za mwezi nilizitunga mimi, akazisoma, akazisifu, akazitia sahihi. Mpango wangu wa stoo ndogo Lugari aliupeleka makao makuu, ukakubaliwa, na barua ya pongezi iliyokuja kwa jina lake niliifungua mimi na kuiweka kwenye faili. Yeye alikwenda kuifungua stoo. Alirudi jioni na kuku wawili, akanipa mmoja.

"Wameuliza habari zako," akasema kwa furaha. "Kuna mama fulani alisema nikusalimie."

Nilimpeleka yule kuku nyumbani. Sikumla.

Nilikuwa sijajua kwamba Baba alikuwa amewaambia watu mimi ndiye meneja. Nilikuja kujua kwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi, mteja wake wa sare, aliyeingia ofisini akiwa na kofia mkononi, akanipita mimi mezani bila kunitambua, akasimama katikati ya chumba.

"Nimekuja kumwona meneja," akasema. "Binti wa fundi. Baba yake ameniambia nimwone yeye mwenyewe kwa habari ya mabati ya madarasa."

Mwenzangu alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, kikombe mkononi. Akacheka, kwa wema wake uleule.

"Meneja ni mimi, mwalimu. Huyu hapa ndiye binti wa fundi. Ni sekretari wangu, na nakwambia, hakuna sekretari kama huyu mkoa mzima."

Mwalimu aligeuka akaniona. Alikuwa mtu mwenye adabu. Akatazama kofia yake. "Ah," akasema. "Nilisikia vibaya, basi." Nikaendelea kupiga taipu. Sijui nilikuwa napiga nini. Karatasi ile nilikuja kuitupa.

Jioni nilipita sokoni kama kawaida ili turudi na Baba. Alikuwa ameshafunika mashine, anakusanya vipande vya vitambaa sakafuni.

"Mwalimu mkuu alikuja kazini," nikasema.

"Amepita hapa."

Akaendelea kuokota. Alikuwa akiokota vipande vidogo visivyofaa kitu chochote, vile ambavyo siku zote alivifagia tu.

"Nilidhani ni suala la muda," akasema mwishowe. "Nilikuwa nimetangulia kidogo tu."

Nilitaka kumwambia kwamba yeye si mwongo, kwamba wahadhiri wangu wote na serikali nzima walikuwa wametangulia vilevile. Badala yake nikaanza kumsaidia kuokota. Tulitembea mpaka nyumbani, Shieywe, kila mtu upande wake wa njia, tukakwepa madimbwi. Tangu siku ile, akiulizwa binti yake yuko wapi, alijibu, "Yuko mjini," akabadilisha habari. Suti ile niliikuta baadaye imefumuliwa. Mdogo wangu wa kiume alikuwa amekatiwa kaptula.

Mwaka haukuisha kabla ya zamu ya karani mkuu. Meneja mpya alimwona mzito. Alikuwa na haki kiasi fulani: mzee alikuwa ameacha kufoka, ameacha hata kufunga tai, akawa anasahau wateja barazani. Siku moja nililetewa maneno ya barua ya kumstaafisha, niyapige vizuri. Nilikaa mbele ya mashine muda mrefu. Nilifikiri kukataa. Nikafikiri kwamba nikikataa ataipiga mwenyewe meneja kwa vidole viwili, yenye makosa, na mzee atafukuzwa kwa barua chafu. Nikaipiga.

Aliisoma amesimama mbele yangu.

"Umeipiga wewe?"

"Ndiyo, mzee."

Akaisoma tena mpaka chini. "Haina kosa," akasema. Akaikunja, akaitia mfukoni, akatoka. Alirudi kwao, upande wa Buyangu, karibu na msitu. Nilikuwa nikijiahidi kwamba nitakwenda kumsalimu, na likizo zikawa zinapita. Mpakiaji mmoja ndiye aliyenipa habari za kifo chake, tayari amezikwa. Ofisini hakuna aliyekwenda, kwa kuwa hakuna aliyejulishwa. Siku hiyo mvua iliponyesha sikuweza kukaa karibu na stoo.

Niliolewa na bwana wa afya, mtu mtulivu aliyekuwa akizunguka vijijini kukagua vyoo na visima. Senge alifurahi kuliko sote. Nilipopeleka habari kazini, makao makuu walijibu kwamba, kwa utaratibu wa kampuni, mwanamke aliyeolewa hawezi kuwa mwajiriwa wa kudumu. Nitakuwa wa muda, mwezi kwa mwezi. Mwenzangu alinisomea barua ile kwa sauti ya chini, amekunja uso.

"Hili si jambo langu, unajua," akasema.

"Najua."

Halikuwa jambo la mtu yeyote. Ndivyo lilivyokuwa siku zote. Nilipopata mimba, tumbo lilipoanza kuonekana, mkataba wa mwezi ulipokwisha haukuandikwa mwingine. Wapakiaji walinichangia kanga na kitambaa cha mtoto. Meneja alinipa mkono, akasema tawi halitakuwa kama lilivyokuwa, na machozi yalimlengalenga, akarudi ndani kwa sababu simu ilikuwa inalia na hakukuwa na wa kuipokea.

Mtoto alipokuwa ameanza kukaa, mwenzangu alipandishwa cheo, akahamishiwa Nairobi. Kampuni ikatangaza nafasi yake gazetini. Mume wangu alirudi na gazeti lile jioni, akalifungua juu ya meza, akaweka kidole kwenye tangazo. Wanataka mtu mwenye shahada ya biashara, anayejua wakulima wa Lugari, anayejua kazi ya tawi.

"Hapa wamekuandika wewe," akasema. "Imebaki jina tu."

Nilikuwa nakunja nepi. Nililisoma tangazo nikiwa nimesimama. Nilijua lilivyotungwa, sentensi mbili zilikuwa zangu, zimetolewa kwenye taarifa niliyoandika zamani kueleza kazi ya meneja ni ipi.

"Utaandika?"

"Mtoto ana joto," nikasema.

Akainuka, akaenda kumgusa paji la uso. Mtoto hakuwa na joto. Mume wangu alisimama pale kidogo, mkono juu ya kichwa cha mwanawe, akanitazama, wala hakuniuliza tena. Akalikunja gazeti, akaliweka juu ya kabati. Nje mvua ilikuwa imeanza, nikatoka kuanua nguo.